Kifutu msumeno: nyoka mdogo anayeua polepole

Wakusanyaji wa nyoka waliozunguka kilima cha Moille, kaskazini mwa Kenya, waliondoka huko na karibu nyoka 7,000 wa aina moja. Kazi hiyo iliwachukua miezi minne tu. Hawakuwa wakitafuta koboko wala swila, ambao majina yao peke yake yanatosha kumtoa mtu mbio. Waliokuwa wakiokotwa ni nyoka wafupi wa rangi ya udongo, waliojificha chini ya mawe, kwenye magogo na mashinani mwa vichaka vya miiba. Mtu anaweza kumpita mmoja wao kwa hatua mbili asijue kama amepita karibu na kitu chochote.

Jina lake la kisayansi ni Echis pyramidum. Ni wa ukoo mmoja na kifutu, yule ambaye Wakenya wengi humwita bafe, na kwa kuwa magamba yake ya ubavuni yana meno, makala haya yatamwita kifutu msumeno. Mwanasayansi Mfaransa Geoffroy Saint-Hilaire alimweleza kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1827, kutokana na nyoka wa Misri. Tangu hapo amejulikana kuwapo Sudan, Eritrea, Ethiopia, Jibuti na Somalia, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu huko Yemen. Kwa upande wa kusini anafika Turkana, Marsabit, Wajir na Baringo, katika nchi ya mawe meusi ya volkano, mchanga na migunga.

Wengi wao wana urefu wa sentimita 30 hadi 60. Kwa umbo hatishi. Lakini jamii yake, yenye aina kadhaa zilizoenea kuanzia Afrika Magharibi hadi India na Sri Lanka, ni miongoni mwa nyoka wanaoua watu wengi zaidi duniani. Sababu ni kwamba wapo wengi, wanaishi palipo na watu maskini, hutembea usiku, na sumu yao hailingani kabisa na udogo wa miili yao.

Kuna jambo jingine linalomtofautisha na koboko. Aliyegongwa na koboko huhesabu muda wake kwa dakika na saa chache. Aliyegongwa na kifutu msumeno mara nyingi ana saa nyingi, pengine siku. Anaweza kutembea, kula na kuzungumza, na hata kurudi malishoni. Muda huo ungetosha kumwokoa karibu kila mgonjwa, na ndio unaopotea.

Sauti kabla ya meno

Nyoka wengi wa ukoo wa kifutu humtisha adui kwa kupuliza pumzi kwa nguvu. Huyu hutegemea ngozi yake. Akishtuka hujipanga katika mikunjo kadhaa ya nusu duara iliyokaa sambamba, kichwa kikiwa katikati, kimeinuliwa kidogo. Kisha huisugua mikunjo hiyo, mmoja ukienda mbele na wa jirani yake ukirudi nyuma. Magamba ya ubavuni yamelala mshazari kuelekea chini, na katikati ya kila gamba pana mgongo mwembamba wenye vimeno. Vimeno hivyo vikikwaruzana, hutoka sauti ya mafuta ya moto yaliyotiwa kitunguu kibichi. Wakati huohuo nyoka anaweza kurudi nyuma taratibu bila kukunjua mwili, macho yakiwa kwa adui.

Wataalamu wengi wanadhani sauti hiyo inahusiana na maji. Kila pumzi inayotoka mwilini hutoka na unyevu, na mahali ambapo mvua hukosekana kwa miezi, mnyama anayeweza kutisha bila kupumua kwa nguvu huokoa akiba yake.

Umbile lake lote limepangwa kwa maisha hayo. Kichwa ni kifupi na kipana, shingo nyembamba, macho makubwa yamekaa karibu na pua, na mboni ni ya kusimama wima, iliyotengenezwa kwa ajili ya usiku. Mgongo una mabaka hafifu, na ubavuni hupita mstari wa mawimbi. Rangi hubadilika kufuatana na ardhi: kijivu penye mawe, kahawia au wekundu penye udongo mwekundu. Kwenye mchanga laini hutembea kiubavuubavu, akiinua sehemu ya mwili na kuitua mbele, na asubuhi huacha michirizi mifupi iliyopangana, isiyounganika. Mvua ikinyesha hupanda vichakani.

Mchana wa jua kali hulala. Jioni ardhi inapoanza kupoa, hutoka. Huo pia ndio wakati ambao mifugo inarudishwa bomani, kuni zinachanjwa, na watoto wanatumwa hapa na pale wakiwa peku au wamevaa akala. Mguu ukimkanyaga moja kwa moja, hapati nafasi ya kupiga msumeno wake. Hugonga kwanza.

Mla nge

Chakula chake kinasaidia kueleza sumu yake. Kifutu msumeno hula panya wadogo na mijusi, lakini pia hula nge, tandu, panzi na wadudu wengine ambao nyoka wakubwa hawawajali. Nge si windo la mchezo, kwa kuwa ana gamba gumu na silaha yake mwenyewe mkiani.

Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilofanya kwa sumu za aina nne za jamii hii, akiwamo kifutu msumeno wa Kenya. Walizijaribu sumu hizo kwa nge. Aina ambazo kwa kawaida hula wadudu na nge zilikuwa na sumu inayowaua nge kwa kiasi kidogo zaidi, kuliko aina ya Mashariki ya Kati ambayo chakula chake kikuu ni wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa maneno mengine, sumu imekuwa ikibadilika kufuatana na mlo. Nyoka wawili wanaofanana kwa sura, magamba na tabia wanaweza kubeba michanganyiko ya sumu isiyofanana. Jambo hilo linaonekana dogo maabara, lakini hospitalini limewahi kuamua nani apone.

Hata uzazi wao hutofautiana. Vifutu msumeno wa Afrika hutaga mayai; ndugu zao wa India huzaa watoto hai. Oman, ambako Waswahili wengi wana jamaa, kuna aina zaidi ya moja: mmoja ni wa mchanga na tambarare, wa kundi lilelile la India, na mwingine ni wa mabonde ya mawe, Echis omanensis, ambaye alitambuliwa kuwa aina ya pekee mwaka 2004 tu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2009 uliigawa jamii nzima katika makundi manne, na huyu wa Kenya akawa katika kundi lenye jina lake.

Vifutu msumeno wa Kenya wana historia yao. Jonathan Leakey, mtoto wa kwanza wa Louis na Mary Leakey, ndiye aliyeokota mwaka 1960 huko Olduvai, Tanzania, mabaki ya mtoto ambayo baadaye yalitumika kuitambulisha jamii ya Homo habilis. Badala ya kuendelea na visukuku alihamia Baringo, akafuga nyoka na kukamua sumu iliyouzwa kwa maabara. Mwaka 1969 watafiti Stemmler na Sochurek walipoeleza kifutu msumeno wa Kenya kuwa tawi la pekee, walimpa jina la leakeyi.

Damu isiyoganda

Mtu akigongwa, kwanza huhisi maumivu makali na kuona uvimbe. Kidole huvimba, halafu kiganja, halafu mkono mzima, na pengine malengelenge hutokea juu ya jeraha. Wengi hudhani hilo ndilo tatizo lenyewe. Uvimbe ukisimama, hujiona wamepona.

Kazi kubwa inaendelea ndani. Sumu ya kifutu msumeno ina vimeng'enya vinavyohitaji madini ya zinki ili vifanye kazi. Baadhi hutoboa kuta za mishipa midogo ya damu. Vingine huamsha protini ambayo mwili huitunza kwa ajili ya kugandisha damu pale tu mtu anapoumia. Ikiamshwa ovyo, damu huanza kutengeneza vidonge vidogo vidogo visivyo na maana mwilini kote, na vidonge hivyo huvunjika vikatengenezwa vingine, mpaka malighafi ya kugandishia inakwisha. Hapo mgonjwa anabaki na mishipa inayovuja na damu isiyoweza kuziba hata mkwaruzo.

Dalili ya mwanzo mara nyingi ni fizi. Mgonjwa hutema mate yenye damu. Damu inaweza kutoka puani, kwenye mkojo, kwenye kidonda cha zamani kilichokwisha kufunga, au pale alipochanjwa kwa wembe na mganga. Ikivuja ndani ya ubongo au tumboni haionekani kwa nje. Kwa ndugu yake wa Afrika Magharibi, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, inakadiriwa kwamba bila tiba hufa mtu mmoja au wawili kati ya kila 10 wanaotiwa sumu.

Uwezo huohuo wa kuchezea damu umewapa madaktari zana. Ekarini, kimeng'enya kilichotolewa katika sumu ya ndugu yake wa Asia, hutumika maabara kupima ugandaji wa damu. Protini nyingine ya sumu hiyohiyo, ekistatini, iliwaonyesha wanakemia jinsi ya kuzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Kwa kufuata umbo lake walitengeneza tirofibani, dawa ya wagonjwa wa moyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo anayepewa dawa hiyo huenda hajui kwamba chanzo chake ni nyoka wa jangwani.

Chupa moja ya kioo

Kumtambua aliyetiwa sumu ya kifutu msumeno hakuhitaji mashine. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza David Warrell na wenzake walihudumia wagonjwa wengi wa nyoka wa jamii hii kaskazini mwa Nigeria, na kutokana na uzoefu wa namna hiyo kipimo rahisi cha kitandani kikaenea.

Mhudumu huchota damu ya mgonjwa, mililita mbili hivi, huitia kwenye kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, kisha hukisimamisha mahali ambapo hakitaguswa. Hutazama saa. Dakika 20 zikitimia hukiinamisha mara moja. Damu ikibaki imeshikana chini, inaganda. Ikimwagika ikiwa maji, mgonjwa anahitaji dawa ya kupambana na sumu mara moja, hata akiwa ameketi anapiga soga. Kichupa lazima kiwe cha kioo, maana mgusano na kioo ndio unaoiamsha damu kuganda; plastiki hutoa jibu la uongo. Kikiwa kimeoshwa kwa sabuni, nacho hudanganya. Baada ya dawa, kipimo hurudiwa kila baada ya saa sita hivi, na damu isipoganda mgonjwa huongezewa dozi.

Shida ni kufika kwenye kichupa hicho. Katika kaunti za kaskazini mwa Kenya, safari kutoka bomani hadi hospitali yenye dawa inaweza kuchukua usiku kucha, nusu kwa miguu na nusu kwa bodaboda. Wengi huanzia pengine. Wapo wanaofunga kamba juu ya jeraha mpaka mguu unakufa ganzi, wanaochanja na kunyonya, na wanaobandika jiwe la nyoka, lile jeusi linalotengenezwa kwa mfupa wa mnyama uliochomwa. Jiwe hilo limejaribiwa kwa panya waliotiwa sumu za nyoka wa Afrika, ikiwamo ya jamii ya kifutu msumeno, na halikuonyesha faida. Kuchanja ni hatari maradufu hapa, kwa kuwa kila chale ni mlango mpya kwa damu ambayo haitaki kuganda. Na kwa sababu wengi hupona hata bila tiba, kila njia hupata mashahidi wake.

Dawa ya nyoka gani?

Dawa pekee iliyothibitishwa bado hutengenezwa kwa mtindo wa zaidi ya miaka 100. Farasi au kondoo hudungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake hutengeneza kinga, na kinga hiyo husafishwa kutoka kwenye damu yake na kutiwa chupani. Inafanya kazi vizuri, kwa sharti kwamba sumu aliyodungwa mnyama inafanana na ile iliyomwingia mgonjwa.

Ghana ililipa gharama ya kulipuuza sharti hilo. Hospitali moja ya wilaya ilipobadilisha dawa ya zamani na kutumia nyingine iliyotoka India, vifo vya walioumwa na nyoka vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Madaktari waliotoa taarifa hiyo mwaka 2008 walionyesha kwamba dawa mpya haikuwafaa wagonjwa wa nyoka wa huko. Chupani kulikuwa na dawa, karatasini kulikuwa na jina la nyoka, na wagonjwa walikufa.

Afrika Mashariki ina mtego wa aina yake. Dawa ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini, inayotegemewa sana kwa koboko, swila na kifutu wa kawaida, haimhusu kifutu msumeno. Kwa huyu kiwanda hicho kina dawa yake ya pekee. Mganga wa zamu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumaliza akiba yake bure. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Robert Harrison wa chuo cha tiba za kitropiki cha Liverpool walichapisha majaribio ya panya juu ya dawa zilizokuwa zikipatikana Kenya. Baadhi zilishindwa kuzuia sumu za nyoka zilizodaiwa kuzizuia.

Soko nalo limewahi kutoroka. Fav-Afrique, dawa iliyozuia sumu za nyoka 10 wa Afrika, wakiwamo wa jamii hii, iliacha kutengenezwa na kampuni ya Sanofi mwaka 2014. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipiga kelele mwaka 2015 kwamba akiba ya mwisho ingeisha muda wake katikati ya mwaka 2016. Wateja wa dawa hiyo ni wachungaji na wakulima wadogo, na kampuni ilisema biashara hailipi.

Tangu hapo mambo yamesogea. Mwezi Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likatangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Hesabu zake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mara tatu ya idadi hiyo ya watu wanaobaki na ulemavu wa kudumu. Jijini Nairobi, taasisi ya utafiti wa nyani ina kituo cha utafiti wa nyoka kinachoshirikiana na Liverpool.

Kidonge cha Kilifi

Habari mpya zaidi haikutoka jangwani. Imetoka pwani.

Mwaka 2020 kundi la wanasayansi wa Liverpool, akiwamo Nicholas Casewell, lilieleza kuhusu unithioli, dawa ya miaka mingi inayotumika kuwatoa watu zebaki na aseniki mwilini. Dawa hiyo hunasa metali. Kwa kuwa vimeng'enya vya kifutu msumeno vinahitaji zinki, watafiti walijiuliza itakuwaje vikinyang'anywa zinki hiyo. Panya waliotiwa sumu ya ndugu wa Afrika Magharibi, wakanyweshwa unithioli mapema na kupewa dawa ya kawaida baadaye, waliishi.

Kutoka kwa panya, kazi ikahamia Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome. Watu wazima 64 wenye afya njema walijitolea kumeza au kudungwa unithioli kwa viwango tofauti, bila sumu yoyote, ili ijulikane kama dawa ni salama na inakaa mwilini muda gani. Haikuleta madhara makubwa, na watafiti walipata kipimo cha kutumia katika hatua itakayofuata, ya wagonjwa walioumwa kweli.

Wagonjwa hao ndio watakaotoa jibu ambalo panya hawawezi kulitoa. Unithioli haiondoi haja ya dawa ya chupa, wala haizuii kila kitu kilichomo katika sumu. Faida yake ni kwamba inamezwa. Inaweza kukaa kwenye zahanati ya kijiji au katika mfuko wa mhudumu wa afya wa jamii, mahali ambapo sindano ya mshipani na daktari wa kusimamia mzio havipo. Aliyeumwa saa mbili usiku mbali na barabara angeipata saa hiyohiyo, kisha safari ya hospitali ianze.

Hadi hapo, wanaoishi na kifutu msumeno wana mambo machache ya kufanya, na yote ni ya kawaida: tochi kila unapotoka usiku, viatu vinavyofunika mguu, fimbo ya kugeuzia kuni na mawe kabla ya mkono kuingia, na kulala juu ya kitanda badala ya chini. Akigonga, kiungo kitulizwe kisitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, jeraha lisichanjwe wala kufungwa kamba, na mtu apelekwe hospitali hata kama anasema hasikii vibaya. Huko, swali la kwanza la ndugu zake liwe kama kuna dawa ya Echis, kwa jina hilohilo, na la pili kama damu imeshapimwa kwenye kioo.